Kuanza upinde wa jadi: kuchagua ratili, kutia ugwe, kupiga na kurekebisha

Kosa linalowaangusha wengi hufanyika dukani, kabla ya mshale wa kwanza: mtu hununua upinde mzito kuliko mgongo wake. Anauvuta mara mbili mbele ya muuzaji, anaona anauweza, analipa. Baada ya muda bega linauma, ugwe unamchapa kigashani, na mishale inakwenda kila upande. Anadhani hana kipaji. Kumbe hana upinde unaomfaa tu.

Upinde wa jadi tunaouzungumzia hapa ni ule unaovutwa kwa vidole na kulengwa kwa jicho tupu. Hauna magurudumu ya kupunguza uzito, hauna kifaa cha kulengea, hauna vijiti vya kutuliza mtikisiko. Una mpini katikati, mabapa mawili yanayopinda juu na chini, na ugwe. Basi.

Uzito na urefu

Uzito wa upinde ni nguvu inayotakiwa kuuvuta, na hupimwa kwa ratili. Ratili moja ni karibu gramu 450. Alama ya 25# kwenye 28" maana yake ni kwamba ugwe ukivutwa hadi inchi 28, vidole vyako vimebeba ratili 25, yaani kilo 11 na ushei. Ukivuta pungufu, unabeba pungufu: kila inchi hubadilisha kama ratili 2.

Kwa hiyo jipime kwanza. Simama ukutani, nyoosha mikono yote miwili pembeni, na mtu apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha nyingine. Gawanya kwa 2.5. Mwenye upana wa sentimita 170, sawa na inchi 67, atapata mvuto wa karibu inchi 26.8. Akishika upinde ulioandikwa ratili 25, kwake yeye utakuwa kama ratili 22 na nusu.

Mtu mzima mwenye afya ya kawaida aanze kati ya ratili 20 na 25. Kijana au mtu mwembamba, 14 hadi 18. Mtoto wa miaka kumi, 10 hadi 12 zinamtosha. Usikubali maneno ya "utazoea". Jaribio ni hili: vuta hadi shavuni, shikilia sekunde 10 bila kutetemeka, shusha taratibu, pumzika kidogo, rudia mara tano. Ukilazimika kuinua upinde juu angani ili uweze kuuvuta, au bega la mkono wa upinde likipanda hadi sikioni, huo si wako bado.

Wapo watakaokukumbusha kwamba wawindaji wa Kiwata wa nyika ya Tsavo walivuta pinde za zaidi ya ratili 100. Ni kweli, na ni sifa yao. Lakini katika jamii za wawindaji upinde mkubwa huja mwisho. Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi mvulana hupewa kiupinde chake akiwa bado mtoto mdogo, na nguvu hukua pamoja naye. Wewe unaanza ukiwa na bega lililokaa kwenye kiti cha ofisi.

Urefu wa upinde nao una kazi yake. Upinde mfupi hukunja ugwe kwa pembe kali na kubana vidole. Mvuto wa hadi inchi 26 unatosheka na upinde wa inchi 62 au 64. Inchi 27 na 28, chukua 66. Kuanzia 29, chukua 68 kwenda juu. Tunapendekeza upinde wa kufungua kwa skrubu, wenye ncha zilizojikunja mbele na mpini wa mbao. Ukikomaa unanunua mabapa mapya tu, mpini unabaki uleule.

Upinde wa fundi wa kijijini, wa mti mmoja, unaweza kukufundisha vizuri pia, ila haujaandikwa uzito. Utundike kwa mpini, ning'iniza mizani ya ndoano ya sokoni kwenye ugwe, vuta chini hadi urefu wa mvuto wako na usome kilo. Zidisha kwa 2.2 upate ratili. Na ukikutana na mishale ya zamani yenye kitu cheusi kilichokauka karibu na chembe, yaani ncha ya mshale, au chembe iliyofungwa kwa kipande cha ngozi, usiishike. Sumu ya mti wa msunguti husimamisha moyo ikiingia kwenye damu, na mkwaruzo mdogo unatosha kuwa mlango.

Jicho lipi linatawala

Nyoosha mikono, kutanisha viganja uache kitundu kidogo, tazama kitu cha mbali kupitia hapo macho yote yakiwa wazi. Funga jicho la kushoto. Kitu kikibaki kitunduni, jicho lako la kulia ndilo linalotawala: utashika upinde kwa mkono wa kushoto na kuvuta kwa wa kulia. Kikiruka, ni kinyume chake. Likigongana na mkono wako wa kazi, lifuate jicho. Kwa anayeanza mikono yote miwili ni mijinga sawa, hakuna unachopoteza. Kuanzia hapa tunamwandikia mvutaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Mishale

Hapa ndipo fedha zinapotupwa ovyo. Mshale una uti, chembe mbele, manyoya nyuma, na pengo linaloshika ugwe. Kinachoamua kama utaruka sawa ni ugumu wa uti. Ugwe unapousukuma kwa ghafla, uti hupindapinda kama nyoka ukiuzunguka mpini, kisha hunyooka njiani. Uti mgumu mno haupindi vya kutosha, hugonga mpini na kwenda kushoto. Uti laini mno hupinda kupita kiasi na kwenda kulia.

Kwa ratili 20 hadi 25, uti wa kaboni wa namba kati ya 800 na 1000 ndio wa kuanzia. Namba inavyokuwa kubwa ndivyo uti unavyokuwa laini. Uti wa mbao huandikwa ugumu kwa ratili: tafuta wa 25 hadi 30. Urefu uzidi mvuto wako kwa inchi moja au mbili, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwili ukizoea utavuta zaidi ya ulivyopimwa mwanzoni. Ya pili ni usalama: mshale mfupi ukipita nyuma ya mpini, chembe inaweza kuingia mkononi mwako unapoachia. Uzito usishuke chini ya greini 8 kwa kila ratili. Kwa upinde wa ratili 25 hiyo ni greini 200, karibu gramu 13. Mshale mwepesi kuliko huo huacha nguvu nyingi ndani ya mabapa.

Manyoya yawe ya ndege kweli, matatu, ya inchi 4 au 5. Mengi madukani ni ya bata mzinga. Yale ya plastiki hayalali yanapogusa mpini, hurusha mshale pembeni. Kagua pale unyoya unapoanzia mbele: ncha ya ule mfupa wake ikiwa imeinuka, itakukata kwenye kifundo cha kidole cha shahada kila ukipiga. Weka tone la gundi hapo, ikikauka isugue kwa msasa.

Nunua sita kwa kuanzia, kumi na mbili kama mfuko unaruhusu, yote ya aina moja. Mishale ya kuokoteza haikufundishi kitu, maana hutajua kama aliyekosea ni wewe au ni mshale.

Vingine ni vichache: kinga ya kigasha, kipande cha ngozi cha kukinga vidole vitatu, kamba ya kupindia upinde, nta ya nyuki ya kupaka ugwe, na podo la kiunoni.

Kutia ugwe

Usipinde upinde kwa kuupitisha katikati ya miguu. Bapa hupinda upande, na likishazoea kukaa upande halirudi. Tumia kamba ya kupindia:

1. Ingiza kitanzi kikubwa cha ugwe kwenye bapa la juu, kiteremke kidogo. Kitanzi kidogo kikae kwenye mkato wa ncha ya chini.
2. Visha vifuko vya kamba ya kupindia kwenye ncha zote mbili, kamba ining'inie chini ya upinde.
3. Kanyaga kamba kwa mguu mmoja, au yote miwili kama upinde ni mzito. Inua mpini moja kwa moja juu hadi mabapa yapinde.
4. Sukuma kitanzi cha juu kiingie mkatoni. Weka uso kando, usiuinamishe juu ya bapa.
5. Shusha taratibu huku ukitazama vitanzi vyote viwili. Kimoja kikiwa hakijakaa, inua tena urekebishe.

Sasa pima umbali kutoka sehemu ya ndani kabisa ya mpini hadi kwenye ugwe. Kwa upinde wa inchi 66, uwe kati ya inchi 8 na 8.75, wa inchi 62, kati ya 7.5 na 8.25. Ukiwa mdogo, ugwe utakuchapa kwenye kifundo cha mkono. Toa kitanzi kimoja, usokote ugwe mara kadhaa uzidi kufupika, upime tena. Kwa pinde za mbao zisizoimarishwa nchani, ugwe uwe wa dakroni, unaonyumbuka kidogo. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka hupasua ncha.

Kisha weka alama ya mshale kwenye ugwe. Kama mshale unakaa moja kwa moja juu ya kikalio cha mpini, yaani mahali mshale unapolalia, tumia kipimo cha pembe cha seremala kupata mahali mshale unapokuwa mraba na ugwe, panda milimita 12, zungushia uzi ukaze na utie gundi. Pengo la mshale hukaa chini ya uzi huo. Pengo libane kiasi: mshale uning'inie kwenye ugwe, lakini ukiugonga ugwe kwa kidole uanguke.

Sheria moja isiyo na mjadala: usivute na kuachia ugwe bila mshale. Nguvu isiyopata mshale wa kuibeba hurudi kwenye mabapa, na bapa linaweza kupasuka hapohapo karibu na uso wako. Rafiki akiomba "kujaribu tu kuvuta", mwambie ashushe taratibu, au asivute kabisa.

Uwanja

Upinde wa ratili 25 ukielekezwa juu hupeleka mshale zaidi ya mita 100, kwa hiyo ua wa nyumba ya kupanga haufai. Tafuta kingo ya udongo, shimo la zamani la kokoto, au shamba tupu lenye zaidi ya mita 100 za wazi nyuma ya shabaha, na pembeni pasiwe na njia ya watu.

Shabaha nzuri ya bei rahisi ni gunia la kilo 90. Lijaze nguo chakavu na mifuko ya plastiki, lakini toa kwanza zipu, vifungo na vyuma vyote vya mikanda. Shindilia kwa mti hadi ngumi yako isizame. Gunia lililojazwa kilegevu hupitisha mshale hadi manyoya, na manyoya hayo hutoki nayo. Usipige mti wala ubao: mshale hupasuka au hukurudia.

Mkiwa wengi, tumieni filimbi kama mashindanoni: mbili kusogea mstarini, moja kuanza, tatu kwenda kuokota. Filimbi tano na zaidi ni hatari, kila mtu ashushe upinde. Kwenye kuchomoa, angalia kwanza hakuna mtu nyuma yako, weka kiganja kimoja bapa kwenye gunia kando ya mshale, shika uti karibu kabisa na gunia, vuta ukiwa umenyooka. Usikimbilie shabaha, mapengo ya mishale huwa yako usawa wa macho ya anayejikwaa. Mshale wa kaboni uliogonga kitu kigumu, ukunje kidogo mbali na uso huku ukisikiliza. Ukilia kwa kukwaruza, uvunje utupe, kwa sababu ukipasuka ukiachia vibanzi vyake huingia mkononi.

Kupiga mshale mmoja

Anza mita 3 kutoka kwenye gunia, bila karatasi ya shabaha. Watu huona hili ni la kitoto na kuliruka, halafu wanatumia mwaka mzima kurekebisha walichokiruka. Karibu hivyo huwezi kukosa, kwa hiyo akili haina kazi ya kulenga. Inabaki na mwili.

Simama ubavu wako wa kushoto ukielekea shabaha, miguu upana wa mabega, uzito sawa kwa yote miwili. Weka mshale, unyoya wa rangi tofauti ukitazama nje, mbali na mpini. Shika ugwe kwa vidole vitatu, kwenye mkunjo wa kwanza au nyuma yake kidogo, si kwa ncha. Unaweza kuweka kidole cha shahada juu ya mshale na viwili chini, au vyote vitatu chini. Wa vitatu chini huona mshale ukiwa karibu na jicho na hulenga kwa urahisi zaidi mita za mwanzo. Wa moja juu hupata mruko laini zaidi. Chagua mmoja ukae nao. Kwa wa moja juu, acha nafasi ndogo kati ya kidole cha juu na mshale, la sivyo utaubana na utaruka kutoka kwenye kikalio.

Mkono wa upinde haushiki, unasukuma. Mpini ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vifundo vya vidole vimelala kama nyuzi 45, vidole vimelegea. Kabla ya kuvuta, zungusha kiwiko hadi mkunjo wake wa ndani utazame pembeni badala ya juu. Hiki kitu kidogo ndicho kinachookoa kigasha na michubuko.

Inua, vuta. Fikiria unasogeza kombe la bega la kulia kuelekea uti wa mgongo. Kiganja na kigasha cha kulia havina kazi ya nguvu. Simama ncha ya kidole cha shahada inapogusa pembe ya mdomo, meno yakiwa yamekutana. Hapo ndipo kituo chako, kila mshale, bila kupungua nusu inchi. Subiri sekunde mbili huku mgongo ukiendelea kukaza. Kuachia ni kulegeza vidole tu, na mkono uteleze nyuma kando ya shingo wenyewe. Mkono wa upinde ubaki ulipo hadi usikie mshale umeingia.

Piga mitatu, pumzika, rudia. Mishale 30 hadi 50 kwa siku, siku tatu kwa wiki, inatosha mwezi wa kwanza. Baadhi yake piga ukiwa umefumba macho baada ya kuhakikisha umeelekea gunia na hakuna mtu karibu. Utasikia kama unavuta kwa mgongo au kwa mkono. Ukiona unaanza kuachia kabla ya kufika mdomoni, siku imekwisha. Kuongeza mishale ukiwa umechoka ni kujifunza uchovu.

Kulenga bila kifaa

Nenda mita 10, bandika karatasi. Macho yote wazi, tazama kitu kidogo kabisa katikati, si karatasi nzima. Chini ya pale utaiona chembe ya mshale kwa ukungu. Ukiiweka chembe juu ya katikati yenyewe, mshale utapanda, kwa kuwa uti uko chini ya jicho. Piga mitatu hivyo, pima imepanda sentimita ngapi, kisha shusha chembe kiasi hichohicho. Andika. Fanya hivyo mita 15 na 18. Pengo hilo kati ya chembe na katikati litabadilika kadiri unavyorudi nyuma, hadi ufike umbali ambao chembe ikiwa katikati na mshale unatua katikati. Zaidi ya hapo utaanza kulenga juu. Baada ya muda jicho hulipima pengo bila kuuliza, lakini aliyeruka hatua ya kuandika hana cha kurudia mambo yakiharibika.

Mishale inasema nini

Ikitawanyika juu na chini, tazama kituo: mdomo umefunguka, au mkono wa kuvuta umelegea ukasogea mbele kabla ya kuachia, jambo ambalo hushusha mshale. Ikienda kushoto, mara nyingi umeung'oa ugwe kwa kutupa mkono nje. Kama umeachia vizuri na bado inakwenda kushoto, uti ni mgumu, ongeza chembe nzito zaidi. Ikienda kulia mfululizo, uti ni laini: kata uti robo inchi, upige tena, usikate inchi nzima kwa hasira. Mshale unaoruka huku mkia ukipanda na kushuka una tatizo la alama kwenye ugwe. Isogeze milimita moja moja. Mshale unaodondoka kwenye kikalio ukivuta ni vidole vinavyosokota ugwe.

Michubuko ya kigasha ikiendelea ingawa kiwiko kimegeuka, unavuta kupita urefu wako au bega limeingia ndani.

Kutunza, sheria, kupanda ratili

Upinde wa mbao uvue ugwe kila ukimaliza. Usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani: gundi ya mabapa hulainika na kuachana. Pwani, unyevunyevu hupinda nyuti za mbao, kwa hiyo zipake vanishi na uzikague kwa kuzibingirisha mezani. Barabarani beba upinde ukiwa hauna ugwe, ndani ya mfuko, mishale kando. Machoni pa polisi hiyo ni silaha, na maelezo huwa rahisi zaidi ukiwa umeifunga. Kuwinda ni jambo jingine kabisa: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na Tanzania hauruhusiwi bila kibali. Anayetaka kushindana atakuta mlango mwingine. Ndani ya ukumbi upinde usio na vifaa hupigwa mita 18 kwenye karatasi ya sentimita 40. Kwa upande wa Olimpiki, Shehzana Anwar aliiwakilisha Kenya kwenye upinde Rio de Janeiro mwaka 2016, akiwa pia mbeba bendera.

Usipande ratili hadi mishale sita yako ya mwisho wa zoezi ikutane kwenye duara moja na ya mwanzo, mita 18. Ukifika hapo, panda ratili 4, si 10, na rudi gunia la mita 3 kwa wiki moja. Mishale yako ya namba 900 itaanza kwenda kulia kwenye upinde mpya hata ukipiga sawasawa. Hiyo ni dalili ya uti laini: tafuta namba 800 au 700 kabla ya kuanza kubadilisha mkono wako.